Ghala Lenye Ubao Mweusi

Ndugu zetu, majirani zetu, wafanyakazi wenzake na wote mliotoka karibu na mbali kuja kumsindikiza kaka yangu, kabla sijaanza kusoma naomba mjue mambo mawili. La kwanza, historia hii nimeiandika mimi, mdogo wake marehemu, fundi cherehani ambaye mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu, na la pili, mjane wa marehemu, wifi yangu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye nusu yenu hapa mmepita mikononi mwake, ameipitia kwa kalamu nyekundu na kunirudishia mara mbili, kwa hiyo tarehe zote mtakazosikia ni sahihi, na makosa yaliyobaki ni yangu peke yangu. Sauti za watoto mnazozisikia ng'ambo ya uzio wakikariri jedwali la saba si utovu wa adabu, shule iliomba kufunga leo kwa heshima ya marehemu na wifi akakataa katakata, akasema mume wake hakubeba matofali miaka yote ile ili siku ya maziko yake madarasa yakae matupu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, saa nne asubuhi, katika chumba namba nne cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa baba aliyekuwa mlinzi wa zamu ya usiku kiwandani hapo na mama aliyekuwa akifua nguo za watu kwa malipo. Tulikuwa watu wanane, chumba kimoja na kitanda kimoja, kitanda hicho kilikuwa cha baba mchana na cha mama usiku, na sisi wengine tulipangwa sakafuni, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule, na kwa kuwa marehemu ndiye aliyekuwa mrefu, alilazwa mlangoni, hivyo kila aliyetoka na kila aliyeingia alimkanyaga. Nawaomba mkumbuke mlango huo, maana mambo mengi aliyoyafanya ukubwani yalianzia hapo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda, na kwa ushahidi wa wote waliosoma naye, wawili kati yao wameketi mstari wa mbele pale wakicheka, alisoma darasa la kwanza akiwa macho na madarasa sita yaliyofuata akiwa amelala. Mwalimu wake wa hesabu alimbandika jina la Bwana Usingizi, akawa akigonga dawati lake kwa rula na kumtupia swali, na marehemu alikuwa akilijibu bila kuinua kichwa, tena akilipata, jambo lililomuudhi mwalimu kuliko usingizi wenyewe. Alimaliza darasa la saba Novemba 1965, hakuendelea na sekondari kwa sababu nafasi zilikuwa chache na baba alikuwa ameanza kuugua, na mpaka uzeeni, mtu akimtania kwa nini alilala shuleni, alijibu kwamba ndiko kulikokuwa na nafasi ya kulala.

Februari 1966, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi mwashi mmoja mkali aliyekuwa na karakana karibu na stendi, na fundi huyo kwa miezi kumi na minne hakumruhusu kugusa mwiko, kazi yake ilikuwa kuchota maji, kukoroga udongo wa saruji na kushika timazi, ile kamba yenye chuma mwishoni inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Wengine waliitupa ile kamba na kuangalia mara moja, marehemu alisubiri mpaka chuma kiache kuyumba kabisa, hata kama mafundi wote wamesimama juani wakimtukana, ndipo aseme imetulia, pimeni. Bwana Usingizi akafia hapo, akazaliwa Timazi, na hilo ndilo jina ambalo hata karani wa benki alilitumia.

Mwezi wa kumi na tano aliruhusiwa kujenga peke yake, akapewa choo cha bwana wake mwenyewe, akakijenga siku tatu bila kuinua macho, kuta nne zilizosimama kama zimekatwa kwa wembe, na alipomaliza akagundua kwamba yeye yuko ndani na hakuna mlango. Bwana wake alipanda ngazi, akachungulia kutoka juu, akamwambia, "Kuta nzuri sana, Timazi, sasa utaolea humo humo?" Tangu siku hiyo hadi kufa kwake marehemu hakuweka tofali la kwanza la jengo lolote kabla ya kuuliza mlango utakuwa wapi na utafungukia upande gani, na nyinyi ambao amewajengea mnajua alivyokuwa akiwachosha kwa swali hilo.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa na idara ya ujenzi ya baraza la mji kama mwashi wa daraja la tatu, akapanda daraja baada ya daraja, na tarehe 1 Julai 1984 akafanywa nyapara wa mafundi wote wa baraza, cheo alichokishika hadi alipostaafu.

Kuhusu ndoa, Oktoba 1979 alitumwa na ofisi kuziba ufa katika darasa la mwalimu kijana aliyekuwa ndio kwanza amehamia shule ya jirani na mtaa wetu, kazi ya siku mbili, nayo ikamchukua siku tisa. Alipima darasa lile urefu, upana, kimo cha madirisha, nafasi kati ya dawati na dawati, alipima hata umbali wa kutoka mlangoni hadi kwenye ubao, akayaandika yote kwenye kijitabu, na siku ya tisa yule mwalimu akamuuliza mbele ya watoto sabini, "Fundi, ufa ni ule kule, mbona wewe unapima huku ninakosimama?" Watoto waliangua kicheko, marehemu akafunga kijitabu, akarudi jioni na sisi ndugu zake kupeleka jibu, yaani posa, kwa wazazi wa mwalimu yule. Walifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979, na kwa miaka arobaini na minne walikuwa wakiitana Fundi na Mwalimu, hata walipokuwa wamekasirikiana, hasa walipokuwa wamekasirikiana.

Mungu aliwajalia watoto watano, kifungua mimba, ambaye ni muuguzi, aliyezaliwa 1981, mapacha wa kiume waliozaliwa 1983, mmoja fundi umeme na mwingine amefuata chaki ya mama yake, binti wa nne aliyezaliwa 1986, ambaye anaendesha lori na hamna haja ya kushangaa, na kitinda mimba aliyezaliwa Aprili 1990. Wote hao na wazazi wao waliishi katika chumba kimoja na sebule ya kupanga, yaani watu saba, na kifungua mimba, kwa kuwa alikuwa mrefu kama baba yake, alilala mlangoni.

Sasa nafika mahali ambapo wifi ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Eleza vizuri, usimpendelee kaka yako," nami nitajitahidi.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 baraza la mji lilipata fungu la maendeleo kwa ajili ya kata yetu, fungu moja lisiloweza kugawanywa, na likasema wananchi wachague wenyewe, ama nyumba sitini za bei nafuu kwenye uwanja ule uliokuwa wazi kando ya shule, ama madarasa manane mapya na vyoo vyake. Wifi wakati huo alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, mwenye watoto elfu moja mia moja na arobaini katika vyumba tisa, wanaosoma kwa zamu mbili, darasa la nne likisomea barazani na kuhamia ofisini kwake mvua ikinyesha, na marehemu alikuwa kwenye orodha ya waombaji wa nyumba tangu mwaka 1986. Mkutano uliitishwa Jumamosi tarehe 17 Aprili 1993, katika uwanja wa shule, na mume na mke walitoka nyumbani pamoja, wakaketi pamoja, wakasimama kila mtu na lake.

Marehemu, ambaye hakuwa msemaji, alisema maneno machache tu, kwamba yeye alisoma miaka saba na anachokumbuka ni mbao za dawati, kwa sababu mtoto hawezi kusoma asipolala, na mtoto hawezi kulala asipokuwa na pa kulala. Watu walipiga makofi. Wifi akasimama, akasubiri makofi yaishe kama anavyosubiri darasa litulie, akamgeukia mumewe, akasema, "Sawa, Fundi, umemlaza. Akiamka, aende wapi?" Kisha akaongeza kwamba nyumba sitini zitaleta watoto wengine karibu mia mbili, na kwamba anaomba mtu yeyote amwonyeshe dawati watakaloketi. Marehemu alibaki amesimama, na mwenyekiti akaita kura za mikono. Nyumba zilipata mikono mia mbili kumi na nne, madarasa mia mbili na kumi, na mkono wa kaka yangu ulikuwa juu, wifi akiutazama.

Kwa siku kumi na moja baada ya hapo Mwalimu hakusema na Fundi ila kwa kupitia watoto, na kwa kuwa wakubwa walikwepa, mjumbe alikuwa kitinda mimba mwenye miaka mitatu, ambaye alitumwa kusema chakula kiko tayari akafika kwa baba yake na kusema mama amelia, jambo ambalo hakuwa ametumwa kulisema, lakini lilikuwa kweli. Kaka alinijia dukani kwangu siku hiyo, akaketi kwenye marobota ya vitambaa, akaniambia kwamba si kushindwa kulikomuumiza mke wake, ni kwamba aliuliza swali la haki mbele ya kata nzima na aliyepaswa kulijibu kuliko wote alinyamaza. Nilimwambia basi nenda kamjibu. Akasema, "Kwa maneno siwezi, nitaonekana najitetea."

Ujenzi wa nyumba ulianza tarehe 10 Januari 1994, marehemu akiwa nyapara, na ramani zilieleza kila kitu kwa milimita, isipokuwa sehemu moja iliyosema tu kwamba yatajengwa maghala manne ya muda, ya saruji, ya mbao, ya vifaa na ofisi ya msimamizi, kwa kadiri ya mahitaji ya kazi. Kaka aliisoma sentensi hiyo, akatoa kile kijitabu cha mwaka 1979, akaenda hadi kwenye uzio wa shule, na swali lake likawa lile lile, mlango utakuwa wapi na utafungukia upande gani.

Maghala yalijengwa yakiwa yamepangana kando ya uzio, kwa matofali yaliyokatika pembe ambayo mkaguzi aliyakataa kwa sura yake na si kwa nguvu yake, kila moja likiwa na urefu wa mita nane na upana wa saba, sakafu iliyoinuliwa, na milango miwili inayofungukia nje. Saruji haipendi upepo wala unyevu, kila mwashi anajua ghala lake halitakiwi kuwa na madirisha, basi mahali pa madirisha palizibwa kwa matofali, na hapo mtu angepita mara mia bila kuona neno, ila fundi mwenzake angeona kwamba matofali hayo yamepangwa makavu, bila udongo wa saruji hata kidogo, kama vitabu kwenye rafu. Na ukuta wa mbele wa kila ghala, kwa upande wa ndani, ulipigwa lipu laini kuliko lipu ya nyumba zenyewe, sehemu yake ya katikati ikapakwa rangi nyeusi. Mafundi wenzake walielewa mwezi wa kwanza, wapo hapa leo, na kwa miaka miwili na nusu hakuna aliyefungua mdomo, ingawa wake zao wote walikuwa kwenye mkutano ule. Wifi alipita kando ya uzio huo kila asubuhi na hakujua chochote, na hapa pembeni ameandika, "Kweli."

Nyumba zilikamilika Julai 1996, na mkataba ulitaka maghala yote yabomolewe kabla ya makabidhiano, kwa hiyo tarehe 6 Agosti akaja mhandisi kijana kutoka makao makuu na karatasi ya kubomolea mkononi. Kaka alikuwa na mengi ya kupoteza siku ile, maana nyapara aliyekiuka mkataba angeweza kuondolewa kazini, na aliyeondolewa kazini angefutwa kwenye orodha ya nyumba, zile zile alizozipigia kura. Alimtuma kitinda mimba, aliyekuwa amefikisha miaka sita na ulimi wake ukiwa umenyooka, aende ofisini kwa mama yake akamwambie Fundi anaomba aje na chaki.

Mhandisi aliingia ghala la saruji, akamulika tochi, akauliza ukuta mweusi ni wa nini. Marehemu akajibu kwamba ni wa kuandikia mifuko iliyotoka na iliyobaki. "Urefu wa mita nne?" Mhandisi aliuliza. "Mifuko ilikuwa mingi, mheshimiwa," kaka akajibu, na mafundi waliokuwa nje wakaanza kukohoa kwa zamu. Kisha alikwenda kwenye ukuta wa pembeni, akaingiza vidole, akachomoa tofali la kwanza, la pili, la tatu, akiyapanga chini taratibu, mafundi wakaingia wakafanya vivyo hivyo upande wa pili, na mwanga ukaingia mle ndani kutoka pande zote mbili, hadi yule kijana akazima tochi yake.

Wifi alikuwa amefika mlangoni. Aliangalia madirisha, akaangalia ubao, akahesabu hatua kutoka mlangoni kwa macho, na anasema, na hili ameniruhusu kulisema, kwamba alilitambua darasa lile, alikuwa amefundishia ndani yake siku tisa mtu akimpimapima. Alikwenda hadi mbele, akaandika kwenye ubao tarehe ya siku ile, akaigeukia hadhara ya mafundi wenye vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akasema, "Fundi, nimekusikia." Kaka yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, alilia mbele ya vibarua wake, na mapema asubuhi hiyo alikuwa ametoka kumgombeza mmoja kwa kulialia.

Mhandisi alitoa utepe wake, akapima vyumba vyote vinne kwa saa nzima, akakosa pa kulaumu, akauliza iwapo kuna kitu kingine kilichofichwa, akaambiwa hakuna, akaketi kwenye ndoo, akaandika katika taarifa yake kwamba mabaki ya ujenzi yamekabidhiwa kwa jirani. Mabaki hayo ndiyo vyumba vinne mnavyoviona hapo, chenye paa la bluu kikiwa ndicho ghala la saruji, na jedwali la saba linatokea humo. Mhandisi yule naye yuko nasi, mvi zimemjaa, asante kwa kuja, mheshimiwa.

Lakini nimekatazwa kupendelea. Wifi alitaka vyumba vinane, akapata vinne, na vinne vilivyopungua alimkumbusha mumewe hadi wiki mbili zilizopita, tena vyoo havikuwemo kabisa, aliviandikia barua miaka mitano hadi viliporidhiwa mwaka 2001, na kaka alivichimba mwenyewe siku za mapumziko yake, milango ikiwemo. Watoto wa zile nyumba walikuja mia moja tisini na watatu, kama alivyosema. Pale nilipoandika kwamba wote wawili walikuwa sahihi, wifi ameweka alama ya vema, moja tu katika kurasa zote.

Familia ilihamia nyumba namba thelathini na moja tarehe 1 Septemba 1996, watoto watano kila mmoja na kitanda chake, na asubuhi ya kwanza walilala fofofo mpaka kengele ya shule ikalia, wakafika wamechelewa wote kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na mwalimu mkuu, mama yao mzazi, akawasimamisha getini nusu saa pamoja na wachelewaji wengine, wakati baba yao ameegemea uzio upande wa pili akicheka mpaka akashika mbavu.

Marehemu alistaafu tarehe 9 Juni 2011, akaendelea kushikia timazi kila jirani aliyejenga hata banda la kuku. Mwaka 2021 kifua chake, kilichovuta vumbi la saruji zaidi ya miaka hamsini, kilianza kumsumbua, na tarehe 29 Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa hospitali ya mji, ambako siku ya pili tu alifunga kijiko kwenye uzi wa bandeji, akakining'iniza kitandani, akasubiri kitulie, na kumtangazia daktari kwamba ukuta wa wodi umelala vidole viwili. Mafundi wa hospitali walikuja kupima, ikawa vidole viwili. Jioni ya Jumapili tarehe 11 Februari aliomba wifi aketi karibu, wakaanza tena ubishi wao wa miaka thelathini, yeye akasema mtoto hawezi kusoma, akaishiwa pumzi, wifi akammalizia, asipolala, na kaka akatabasamu. Alifariki Jumatatu tarehe 12 Februari 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na mimi dada yake niliyebaki peke yangu kati ya wale waliolala kwenye sakafu ya chumba namba nne.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, waliomhudumia na kuvumilia ukaguzi wake, majirani wa nyumba zote sitini ambao tangu Jumatatu hamjatuacha tuwashe moto wenyewe, mafundi wa baraza la mji mliolijenga kaburi lake jana na kulipima mara tatu, mnamjua mwenyewe, walimu na wanafunzi wa shule ya jirani, na wote ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja.

Nilikuwa nimeandika maneno ya kumalizia kama yanavyoandikwa siku zote, wifi akayakata kwa mstari mwekundu, akaandika yake chini, akaniomba niyasome kama yalivyo.

Lala kwa amani, Fundi. Watoto wameshaamka, na pa kwenda wanapo.